Viatu vya ski vya kike, pea moja ya lifti na ya kupanda mlima: nmeviona Kongowea, nichukue?

BintiLikoni

Asalaam aleikum wanajamvi. Msinicheke kwanza, najua niko Likoni, jua la leo latoboa utosi, nami nauliza viatu vya theluji. Kisa ni hiki. Mie nakaa Innsbruck kule Austria, mwaka wa tatu huu, niko nyumbani likizo mpaka mwisho wa Oktoba. Kuteleza na ski nishajifunza, si fundi lakini pisti nyekundu, yani njia ya kuteleza ya ugumu wa kati, nashuka bila kulia. Misimu miwili yote nimekua nakodi viatu pale chini ya lifti, ile ya waya inayopandisha watu mlimani, na kila jioni nikivua vidole havina habari na mie kabisa, vimekufa ganzi.

Sasa mume wangu na wenziwe wameingia ile ya kubandika ngozi (utepe wa kuzuia ski isirudi nyuma) chini ya ski mwapanda mlima kwa miguu yenu wenyewe, hakuna lifti, mkifika juu mwabandua mwashuka kwenye theluji ambayo haijapitwa na mtu. Nataka kwenda nao sio kila Jumapili nibaki na thermos nangojea watu. Lakini pea mbili siwezi, pesa yenyewe ya kupimwa na kijiko, nataka pea moja Jumamosi niende nayo lifti Jumapili niende nayo mlimani.

Bas jana nimeenda Kongowea na dadangu kutafuta mapazia, kupita kwenye mitumba ya viatu naona hivi hapa, vya ski, vya kike, vyeupe na zambarau, safi. Muuzaji mwenyewe hajui ni nini aniambia mama hivi ni vya pikipiki. Aitisha 4,000, nikikaza atashuka mpaka 2,500. Nyuma vina kile kiswichi cha kuachia kifundo utembee, ndani vimeandikwa 25.5, na nilivyovivaa vilinikaa raha mustarehe kuliko vyote nilivyowahi kukodi. Kiatu changu cha kawaida ni 39. Mpya kule naona euro 500, 600, 700 na kitu. Nichukue? Na hili neno "vya kike" lina maana yoyote ama ni rangi tu?

Abu_Kisauni

Vya pikipiki 😂😂 jamaa hakukosea mbali. Dada mie elimu ya theluji sina, theluji yangu ni ile ya friza mlango ukikataa kufunga, ila mitumba naijua. Plastiki ikikaa sana kwenye kontena yawa na ugonjwa wake, kwa macho nzima kwa mguu bure. Na wanaotaka kucheka wacheke, Sabrina Simader aliyeteremka na ski kwa jina la Kenya kwenye Olimpiki ya 2018 kule PyeongChang kazaliwa hapo Kilifi. Kwahivo mpwani na theluji si muujiza. Endeleeni nasoma.

MamaZuu_Grenoble

Shoga weka hiyo 4,000 mkobani ununue mapazia. Mie nafanya kwenye duka la kukodisha vifaa vya ski huku Ufaransa, msimu wa sita, ntakwambia ninayowaambia wateja kila siku.

Hiyo raha mustarehe ndo yanitia wasiwasi. Kiatu cha ski ukikivaa mara ya kwanza ukasikia raha kama ndara za msikitini jua ni kikubwa. Hizo namba za ndani si namba za Bata, ni sentimita za mguu wako, 25.5 ni mguu wa sentimita 25 na nusu. Sasa fanya hivi jioni hii, weka karatasi sakafuni, simama kisigino kimegusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, mtu akupigie alama mbele ya kidole kirefu, pima. Fanya miguu yote miwili kwa sababu haifanani. Naweka dau la mahamri kua hutafika 25.5.

Afu ujue kitu ambacho watu wengi hawaambiwi, 25 na 25.5 mara nyingi ni ganda moja lile lile la plastiki, tofauti ni kile kiatu laini cha ndani ama soli ya ndani tu. Kwahivo usihangaike sana na hiyo nusu. Ukitaka kujua ukweli toa kile kiatu laini, tia mguu mtupu ndani ya ganda, sogeza vidole viguse mbele, uchungulie nyuma ya kisigino pamebaki nafasi gani. Sentimita moja na nusu mpaka mbili, yani kidole kimoja mpaka viwili vyembamba, ndo sawa. Vikiingia vitatu kiache hapo hapo hata wakupe bure.

Na hiyo ganzi yako ya vidole wajua yatoka wapi? Si kiatu kubana, mara nyingi ni kiatu kikubwa! Mguu unaogelea ndani wewe wakaza vifungo mpaka mwisho ili usiogelee, vifungo vyabana mishipa juu ya mguu damu haipiti, vidole vyafa. Maduka ya kukodisha (na langu limo) yapenda kumpa mgeni namba kubwa kwa sababu akisikia raha dakika tano za mwanzo hatagomba. Kiatu sahihi ukisimama wima vidole vyaguswa kidogo na mbele, ukikunja magoti muundi ukalalia ulimi wa kiatu kisigino charudi nyuma na vidole vyapumua.

Jengine, umekijaribu Kongowea kwenye digrii 30. Ile plastiki kwa joto yalegea na kwa baridi yakaza, kiatu kilichokukunjikia vizuri Mombasa ukikipeleka kwenye baridi ya digrii 10 chini ya sifuri ni mti.

Kuhusu kiswichi ngoja, hebu niambie kitu kwanza. Mbele kwenye pua ya kiatu, ubavuni huku na huku, kuna vitobo viwili vya chuma?

BintiLikoni

Nimepima. Wa kushoto 24.2, wa kulia 24.6. Mahamri n'nadaiwa 🙈

Vitobo sijui, nina picha moja tu, nikikuza naona pua ni plastiki tupu na soli ni bapa kama ubao.

MamaZuu_Grenoble

Bas hivo si vya mlimani. Kiswichi cha kutembea kisikudanganye, viatu vingi vya lifti vina hicho kiswichi cha kukusaidia kutembea kutoka maegesho mpaka mkahawani, lakini kupanda mlima hasa wahitaji vile vitobo. Baindingi za kupandia, kile chuma cha kwenye ski kinachoshika kiatu, zashika kwa pini mbili zinazoingia kwenye vitobo vya mbele, kisigino kikabaki huru kikipanda na kushuka. Alitengeneza Muaustria mmoja Fritz Barthel miaka ya 1980, ni jirani zako hao. Kiatu bila vitobo hakina kazi hapo. Ziko baindingi za fremu ambazo zabeba kiatu cha kawaida ila kila hatua wainua na chuma lote la fremu, saa ya kwanza tu utamkumbuka mamako.

Na soli nayo angalia, watu huumia hapa. Soli za kawaida za lifti ni ISO 5355 (hizo ni namba za viwango vya kimataifa), ngumu bapa. Za kupandia ni ISO 9523, mpira, zimepinda kama mtumbwi utembee juu ya mawe. Katikati pana GripWalk, ISO 23223. Baindingi imetengenezwa kwa soli fulani, ukiilazimisha na nyengine huenda isiachie unapoanguka, na isipoachia lachukuliwa goti. Ukitaka pea moja ya Jumamosi na Jumapili tafuta iliyo na vitobo NA soli ambayo ski zako zote mbili zakubali. GripWalk yenye vitobo ndo watu wengi wamehamia huko. Kama utaweka ski moja kwa kazi zote kuna baindingi kama Salomon Shift ambayo yarekebishwa kwa soli zote hizo tatu. Usiifanye mwenyewe na bisibisi jikoni, peleka dukani, wapima urefu wa soli (upo umeandikwa ubavuni mwa kisigino kwa milimita), uzito wako, urefu, umri, na unavyoteleza, ndo wajua waikaze kiasi gani.

"Vya kike" si rangi tu lakini pia si sheria. Vigimbi vya wanawake wengi vyaanzia chini zaidi kuliko vya wanaume, kwahivo viatu vya kike shingo huwa fupi kidogo na imepanuka juu, na kisigino chembamba. Na huwa laini zaidi, hapo ndo naona kampuni zatudharau, kuna wanawake warefu wenye nguvu wanapewa viatu vya maziwa lala wakati wahitaji kigumu. Ukivaa cha kiume kikakukaa vaa, ukuta hauanguki.

fundi_wa_Chur

Naongezea ya Abu maana kaipiga penyewe bila kujua. Mie nko Uswisi, kazi yangu kwenye karakana ya duka la michezo, kurekebisha viatu vya ski ndo ugali wangu.

2016 nliacha pea yangu stoo kwetu Mtwapa, nkasema ntaipitia mwakani. Mwakani ikawa miaka minne. Nkairudisha huku, nje yang'aa hata mkwaruzo hakuna, siku ya kwanza nimetoka kwenye lifti nafunga kifungo cha juu naskia paa! ganda limepasuka kifundoni kama kifuu cha nazi. Nimeteremka na mguu mmoja na aibu mbili. Plastiki ya viatu vingi vya lifti ni poliuretani, na poliuretani yaliwa na unyevu polepole, maji ya hewani yaikata ile minyororo yake ndani, na joto laharakisha. Sasa wewe nionyeshe mahali duniani pana joto na unyevu wa pamoja kushinda stoo ya bati pwani. Hivo vya Kongowea hujui vina miaka mingapi, vimekaa wapi, kontena gani, bandarini siku ngapi. Na wewe BintiLikoni ukinunua vipya usije ukaviacha kwa mama ati ntavikuta mwakani.

Ila hapa ntamuongezea MamaZuu kidogo. Pea moja ya kazi zote yawezekana, nauza kila wiki, lakini uwe mkweli na nafsi yako siku ngapi lifti siku ngapi mlimani. Kiatu cha lifti ni kama kilo mbili mguu mmoja. Cha kupandia tu waweza kupata kilo moja na robo ama hata chini. Cha katikati huja kilo moja na nusu, moja na saba. Ukienda mlimani mara nne kwa msimu hiyo tofauti utaimeza. Ukienda kila wiki mita 1,000 kwenda juu, maelfu ya hatua na kila hatua wainua hilo zigo, utaanza kumchukia mumeo bure. Kinyume chake, ukichukua kile chepesi kabisa ukenda nacho lifti siku nzima kwenye pisti iliyoganda kama sementi, kitakutikisa mpaka meno, na utakichakaza haraka.

Chausiku_mlimani

Mimi ndo mfano wa hiyo sentensi ya mwisho 😅 Nlinunua vyepesi kwa sababu ya picha, kupanda nilikua swala kushuka nilikua ndama. Nimeviuza hasara. Kodi kwanza jamani! Maduka ya miji ya milimani mengi yakodisha seti ya kupandia, viatu na ngozi na ski, nenda mara mbili tatu uone kama waipenda hiyo shughuli yenyewe ama wampenda mume tu.

BintiLikoni

Mashallah nimesoma yote, dadangu naye kasoma aseme "na hii yote ni kiatu?". Nimeachana na Kongowea. Sasa swali. Siku nadhani 15 za lifti (Axamer Lizum, Stubai, mara nyingine Nordkette) na labda 8 mlimani. Kilo 62. Mguu wangu ni mpana, nimepima kwenye fundo la kidole gumba mpaka cha mwisho ni milimita 102, unyayo bapa, na vigimbi mwashajua vya kwetu vilivyo, buti za kawaida za baridi zipu hukwama katikati. Naona mwaandikwa fleksi 95, 105, 115, na tena 98 mm, 100, 101. Nashika lipi? Mume aniambia nichukue Atomic kama yake.

fundi_wa_Chur

Mumeo amevaa mguu wake, wewe wako.

Hizo milimita ni upana wa kiatu pale penye mafundo ya vidole, 98 ni chembamba, 100 wastani, 102 kwenda juu kipana. Hawx Ultra XTD ya Atomic ni 98, kiatu kizuri sana ila kwa mguu wa 102 itabidi nikukande ganda, yafanyika, twalipasha moto twalisukuma nje pale panapouma. Scarpa Gea, ndugu wa kike wa Maestrale, ni 101, na chapanda vizuri sana, labda kwa pisti ngumu si jiwe kama Atomic. Tecnica Zero G ya kike ijaribu pia. Lakini usitie sana akili kwenye hiyo namba, kuna viatu viwili vya 100, kimoja chakubana juu ya mguu, chengine kisigino chacheza. Kisigino ndo mfalme. Kikipaa ukipanda, malengelenge, na ukishuka ski haikusikii. Vidole nawezakuvipatia nafasi, kisigino kilicholegea mie siwezi kukupunguzia plastiki. Ganda dogo hupanuliwa, kubwa ndo basi tena.

Fleksi ni ugumu wa kukunjika mbele, na hakuna mizani moja, 100 ya kampuni hii si 100 ya ile. Kwa kilo 62 na pisti nyekundu anza kujaribu kwenye 95 mpaka 105. 115 waachie wanaokwenda kasi.

Vigimbi: uliza kama shingo ya kiatu yaweza kusogezwa vifungo nje, vingi vina matundu mawili matatu ya kuhamisha. Unyayo bapa: tengenezewa soli ya ndani kabla ya kukandwa chochote, kwa sababu unyayo ukishikwa mguu warudi mfupi kidogo na mwembamba, huenda hata hiyo 102 ikapungua. Nenda mchana au jioni, soksi MOJA nyembamba ndefu. Ukija kwangu na soksi mbili nakurudisha mlangoni.

MamaZuu_Grenoble

Kweli kabisa soksi mbili ndo mama wa ganzi. Afu ukae navyo miguuni dukani nusu saa, usione haya, tembea, kunja magoti, fungua kiswichi uvute mguu nyuma na mbele uone shingo yaenda umbali gani, kwenye kupanda ile nyuma ndo yakupa hatua ndefu. Kile kiatu laini cha ndani wakipashe moto kichukue umbo la mguu wako.

Na jambo la mwisho si la viatu lakini siwezi kulipita. Huko nje ya pisti hakuna mtu anaekulindia mlima. Bikoni ya kutafutana chini ya theluji, fimbo ndefu ya kuchomea na sepetu, kila mtu na vyake, sio vya mume. Tirol, jimbo lenu hilo la Innsbruck, hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku msimu wa baridi, yapimwa 1 mpaka 5, na hiyo 3 yasikika kama katikati lakini watu wengi hufa siku za 3. Fanya kozi. Kama bajeti haitoshi viatu na kozi, kodi viatu.

Abu_Kisauni

Swali la mjinga, ile pea ya Kongowea bado iko? Mie nina pikipiki.

BintiLikoni

😂😂 Abu iko, upande wa nyuma kwa jamaa wa viatu vya watoto, usizidishe 1,500 na ukipasukiwa huko Nyali usimwite mtu.

*(Novemba)* Nimerudi kutoa jibu maana naona watu hupotea wakishasaidiwa. Nimekaa dukani hapa Innsbruck saa mbili unusu. Atomic ya mume niliivaa nikatoa machozi. Nimechukua Gea ya 24.5, vitobo viko, soli tumehakikisha zaingiana na baindingi zangu. Euro 40 zaidi kwa soli ya ndani. Fundi alikua mama mtu mzima, kanishika mguu kama daktari, kaniambia kwa Kijerumani mguu wako wa kulia ni mkubwa tutamfuata huyo mkubwa. Jumamosi nimekwenda navyo Stubai siku nzima, na jioni nimevua vidole vyote kumi viko hai. Ila kidole cha mwisho cha kulia chachomwa pale ubavuni baada ya saa tatu hivi. Jumanne nawapelekea wakande hapo. Fundi_wa_Chur, milimita ngapi niwaambie, mbili ama tatu?

fundi_wa_Chur

Usiwaambie milimita. Paka wino kwenye soksi pale panapochoma, vaa, uone wapi pamegusa kwenye ganda, wao wataona wenyewe. Na wasikande pea nzima, huo mmoja tu.